Mtoro wa Jumapili ya Makaburi

Kwa zaidi ya miaka arobaini Arvil Napier alikuwa anatafutwa na kaunti ya Tolliver, katika milima ya Kentucky, na kwa muda huo wote hakukosa kwenda huko hata mwaka mmoja. Alikwenda kila Jumapili ya mwisho ya Mei, siku ambayo watu wa milima ile hurudi kwao kufyeka makaburi, kuchomeka maua ya plastiki, na kula chakula cha mchana kwenye meza ndefu hatua chache kutoka kwa marehemu. Alibeba saladi ya viazi katika beseni lenye kifuniko. Masherifu wote, wakuu wa polisi waliopokezana kiti cha kaunti katika miaka hiyo, waliila saladi ile, maana sherifu asiyeonekana makaburini mwezi Mei hachaguliwi tena Novemba. Mmoja wao, mtu wa kitambi, alikuwa na desturi ya kuomba aongezewe.

Hakuna aliyemwambia kwamba anatafutwa. Wengi hawakujua. Waliojua walikuwa na sababu zao, nasi tutazifikia.

Siku nyingine zote za mwaka Arvil aliishi ng'ambo ya mto, upande wa Ohio, katika mji ambao nusu ya wakazi wake walishuka kutoka Kentucky kutafuta kazi, na nusu nyingine wanalalamika juu ya hao walioshuka. Alitumia ujana wake kuezeka mapaa kwa malipo ya mkononi, bila karatasi wala makato, mpaka paa moja lilipomwangusha. Kwa hiyo uzeeni hakuwa na kiinua mgongo cha maana. Aliishi kwa posho ambayo serikali huwapa wazee wasio na kitu, katika jengo la wazee ambamo kodi hupangwa kwa kutazama posho hiyo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, na dirishani alipanda nyanya kwenye ndoo. Sisi majirani zake tulimjua kwa nyanya hizo, na kwa maswali. Alimuuliza mleta barua jinsi barua zinavyojua njia. Alimuuliza fundi wa lifti kama lifti huchoka. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua tu.

Ndiyo maana barua ya ofisi ya posho ilipofika, ikisema malipo yake yamesimamishwa kwa kuwa yeye ni mhalifu mtoro, hakukasirika. Aliishusha hadi kwenye benchi la mbele ya jengo na kutusomea kwa sauti, na nadhani kulikuwa na majivuno kidogo. Katika maisha yake hakuwahi kuitwa kitu kikubwa namna hiyo.

Ofisini alihudumiwa na Bi. Coyle, mwanamke mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Bwana Napier, mfumo unasema umekimbia."

"Nimekimbilia wapi?"

"Hausemi."

"Mimi nipo chumbani kwangu. Barua yenu imenikuta huko huko."

"Ndiyo, anwani yako tunayo."

"Basi mnajua nilipo."

"Sisi tunajua. Wanaokutafuta ndio hawajui."

"Si muwaambie?"

"Tumeshawaambia, mzee wangu. Wanaambiwa kabla hata wewe hujaandikiwa."

"Wamesemaje?"

Bi. Coyle alibadilisha miwani, akatazama. "Hawajasema kitu."

Arvil aliona jambo hilo linastahili kueleweka vizuri, akavuta kiti. Bi. Coyle akamweleza. Sheria ilitungwa na watu waliokuwa na hofu kwamba mhalifu akikimbia, asije akakimbia kwa nauli ya serikali. Mwanzoni hati yoyote ya kukamatwa kwa kosa kubwa ilitosha kumkatia mtu posho, hata kama mwenyewe hajui kwamba hati hiyo ipo. Baadaye watu walikwenda mahakamani, na sheria ikapunguzwa makali. Siku hizi, kwa posho kama yake, hati inayohesabika ni ile ya mtu aliyekimbia mkono wa sheria au kutoroka kifungoni.

"Kwa hiyo kama ningekuwa nimeua?"

"Ungekuwa umeua tu, huenda ingepita," alisema Bi. Coyle, naye hakuwa akitania. "Shida yako ni kwamba umetoroka. Hapa kuna hati kutoka kaunti ya Tolliver. Juzi juzi wameingiza hati zao za zamani kwenye kompyuta, na kompyuta yetu imeiona. Mimi siwezi kuifuta. Nenda huko ilikotoka, waiondoe, uniletee karatasi ya mahakama."

Meneja wa jengo, Bwana Fenske, naye alikuwa mtu mwema, jambo ambalo halikusaidia. Alimpa Arvil hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo kodi itakuwa haijalipwa, na zaidi ya hayo kanuni za nyumba za serikali nazo hazipendi watoro. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri chumba tangu majira ya baridi, na alikwisha kuja mara moja kupima dirisha.

Arvil akapiga simu Tolliver. Akaipokea naibu sherifu, kijana aitwaye Dustin Sizemore.

"Arvil Napier?" alisema Dustin. "Wa saladi?"

"Huyo huyo. Nasikia mnanitafuta."

Kompyuta ikasikika ikigongwagongwa. "Mjomba, ni kweli. Ipo hapa. Loo. Imenizidi umri."

"Sasa mbona hamji kunichukua?"

"Hakimu ameagiza tusivuke mto kwa hati za namna hii. Petroli."

"Kwa hiyo hamnitaki."

"Tunakutaka, mjomba. Ila si kwa umbali huo."

"Nikija mwenyewe?"

"Ukija itanibidi nikukamate."

"Sawa. Halafu?"

"Halafu..." Dustin akasita. "Unatumia dawa yoyote?"

"Ya moyo, ya sukari, na ile nyeupe ambayo sijui ni ya nini."

Kaunti inayomshika mtu ndiyo inayomnunulia dawa.

"Mjomba, unaweza kuja Jumanne? Jumanne hakimu yupo. Tafadhali usije Ijumaa. Ukija Ijumaa utakaa mpaka Jumatatu, na moyo wako utakuwa wa kwetu."

Wahenga wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hawakutaja mtoro ambaye, akifika ukingoni, hupangiwa miadi.

Ilibaki kumwambia binti yake. Twyla alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono ya mtu aliyezoea masufuria ya watoto mia, na aliishi na familia yake katika nyumba ambayo hata paka alilala kwa zamu. Alijua, bila kuambiwa, kwamba chumba cha baba yake kikienda baba atakuja kwake, na kwamba mahali pa kumweka hapakuwapo.

"Baba," alisema, "ulitoroka jela?"

"Sidhani."

"Hilo si jambo la kudhani."

Ndipo akamsimulia, na baadaye akatusimulia sisi kwenye benchi, kwa maneno yale yale.

Kentucky, bwana jela huchaguliwa kwa kura kama sherifu na kama hakimu. Zamani aliishi humo humo jelani, vyumba vya mbele, na mkewe ndiye aliyewapikia wafungwa. Arvil alipokuwa kijana alifungwa nusu mwaka kwa ajili ya mti mmoja wa mjozi aliokata na kuuza mbao zake. Mti ulisimama mpakani. Jirani alisema ni wake. Arvil alisema uliinama upande wa Napier. Bwana jela wa wakati huo, Harlan Estep, alikuwa na shamba la tumbaku, na kama mabwana jela wote waliomtangulia, aliona haina maana kuwalisha vijana wenye nguvu bure. Vuli ilipoingia alimpeleka Arvil kwenye banda lake la kukaushia, akamwonyesha tumbaku iliyoning'inia hadi kwenye paa.

"Ukishachambua jani la mwisho, rudi jela," alisema.

"Hiyo itakuwa lini?"

"Tumbaku itakuambia."

Sasa, mtu aliyelelewa na tumbaku anajua kwamba jani kavu haliguswi. Ukiligusa linapukutika kama biskuti kavu. Unangoja hewa yenye unyevu, mvua ya taratibu au ukungu wa siku mbili tatu, jani linywe, lilainike kama ngozi ya glavu, ndipo ulitoe kwenye bua. Mwaka ule mvua haikuja. Oktoba ilikuwa kavu, Novemba kavu. Arvil alilala kwenye kijumba cha kuchambulia chenye jiko la kuni, akala chakula cha Bi. Estep, akatazama mawingu. Novemba hiyo Harlan Estep akashindwa uchaguzi na Ralph Hatton, aliyekuwa amezunguka kaunti nzima akisema Estep anawageuza wafungwa kuwa maksai wake. Unyevu ulikuja Januari. Arvil akachambua jani la mwisho, akanawa, akavaa kofia, akatembea hadi mjini kurudi kifungoni. Mlangoni alimkuta bwana jela mpya.

"Unataka nini?" aliuliza Ralph Hatton.

"Nimerudi."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye tumbaku."

Ralph akamtazama juu hadi chini. Mkewe akatoka na bakuli la maharage na kipande cha mkate wa mahindi, Arvil akala amesimama. Kisha Ralph akasema, "Nenda nyumbani, Arvil. Nikikuhitaji nitakuita."

Mtu wa mjini angeomba karatasi. Mtu wa Tolliver aliambiwa na bwana jela aende nyumbani, akaenda nyumbani. Alingoja kuitwa mpaka miti ikachanua. Hakuitwa. Akavuka mto kutafuta kazi.

Twyla alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hukutoroka. Ulifukuzwa jela."

"Ndivyo nilivyoelewa mimi."

"Na huyo Hatton?"

"Amekufa. Na Estep amekufa. Nimefyeka karibu nao wote wawili."

Jumanne Twyla aliomba ruhusa kazini, akampakia. Arvil alivaa koti la mazishi. Mfuko mmoja wa dawa, na magotini beseni.

"Baba, unakwenda kukamatwa na saladi?"

"Sijawahi kwenda Tolliver mikono mitupu."

Njiani walinunua mikate ya soseji na kahawa, na hawakuzungumza sana. Twyla alikuwa akipiga hesabu ya wapi pa kuweka kitanda. Arvil alikuwa na swali lake. Hakuhofia kukamatwa, alitaka kujua nani hasa aliyesema kwamba yeye amekimbia. Lazima kuna mtu aliyefungua mdomo akasema hivyo. Hati haijiandiki yenyewe.

Dustin Sizemore aliwangoja kwenye ngazi za mahakama.

"Weka beseni chini kwanza, mjomba. Siwezi kumkamata mtu mwenye beseni."

Alimkamata bila pingu, akamwandikisha ndani, kisha akamkabidhi nje kwa bwana jela, kama sheria inavyotaka. Hapo palitokea jambo ambalo Arvil analifurahia hadi leo. Tolliver haina jela tena. Ilifungwa zamani kwa ubovu, na wafungwa hupelekwa kaunti ya jirani, ambayo hutoza kwa kichwa. Jengo la zamani linauza mishumaa ya manukato. Lakini katiba ya jimbo inasema kila kaunti itachagua bwana jela, na Tolliver ni kaunti inayotii katiba. Basi bwana jela yupo, ana beji, ana mshahara, na ana gari dogo la mizigo la kuwasafirishia wafungwa. Aliyekuwa madarakani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za wachunga ng'ombe.

"Rhonda Estep," alisema, akafungua mlango wa gari lililoegeshwa chini ya dirisha la mahakama. "Karibu jela. Hakimu atatuita baada ya chakula cha mchana."

Arvil akaingia jela, akafunga mkanda. Twyla akaketi nyuma na beseni.

"Wewe ni Estep wa Harlan?"

"Babu yangu."

"Nilichambua tumbaku yake."

Rhonda alizima redio. "Wewe ndiye yule Arvil? Nyumbani kwetu jina lako halikutajwa mezani. Walisema kuna mfungwa alimtoroka babu, ndiyo maana hakurudi tena madarakani."

"Lakini mimi nilikuwa mezani. Bibi yako alinipa mkia wa nguruwe."

"Sasa kama ulikuwa mezani, nani alisema umekimbia?"

"Hilo ndilo swali langu," alisema Arvil, akamtazama kwa furaha kama mtu aliyekutana na mwenziwe.

Hakuna aliyebaki hai wa kuulizwa, alisema Rhonda. Arvil akasema yupo mmoja. Mke wa Ralph Hatton alimpa maharage mlangoni, na Mei iliyopita alimwona amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Rhonda akazungusha funguo kidoleni. Waestep na Wahatton hawakuwa wamesalimiana tangu uchaguzi ule. Walisali makanisa mawili yanayotazamana ili kila upande uone nani wa upande wa pili hakuja.

"Nyumbani kwake ni nyuma ya kanisa lao," alisema mwishowe, akawasha jela, wakaenda.

Imogene Hatton alikuwa barazani akikata maharage machanga. Alikuwa mzee kupita kiasi, lakini kisu chake hakikujua. Hakumtazama Rhonda. Alimtazama Arvil.

"Umechelewa," alisema. "Kila Mei nakuona unapita na beseni lako, nasema, leo huyu atauliza."

"Sikujua kuna la kuuliza, mama."

"Basi kaa. Na huyo Estep akitaka akae, kiti hakina chuki."

Akawaambia. Desemba ile, kabla funguo hazijabadilisha mikono, alikuja mkaguzi wa jimbo kuhesabu wafungwa. Mmoja akapungua. Harlan Estep hakuweza kusema kwamba yupo bandani kwake anangoja unyevu, kwa kuwa ndilo jambo lililomwangusha kwenye kura. Basi akashika Biblia, akaapa kwamba Arvil Napier amevunja kufuli na kukimbilia kusikojulikana.

"Kusikojulikana," alisema Bi. Imogene. "Moshi wa jiko lako tuliuona kutoka barazani hapa. Asubuhi Ralph alikuwa ananiambia: Imogene, mtoro ameamka."

Rhonda alikuwa akitazama buti zake.

"Na mumeo?" aliuliza Twyla. "Baba alirudi mwenyewe. Mbona hakumpokea?"

"Tumia akili, mwanangu. Ralph akimpokea, Estep hajapoteza mfungwa. Asipompokea, Estep amepoteza mfungwa. Kila mkutano wa kampeni zilizofuata Ralph alisimama akauliza: yuko wapi mfungwa wa Estep? Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulishinda mara mbili kwa mfungwa yule."

"Na watu walijua nipo Ohio?"

"Walikuletea mialiko ya harusi huko."

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Sijaona methali inayosema lolote juu ya nyasi ambazo zililetewa mialiko ya harusi. Arvil alikaa akilitafakari jambo hilo kutoka pande zote. Twyla alingoja akasirike.

"Kwa hiyo," alisema Arvil taratibu, "nilikuwa na kazi."

"Kubwa," alisema Bi. Imogene. "Kuliko yetu sote."

"Si mngeniambia."

"Ungetaka cheo."

Twyla ndiye aliyekasirika. "Bibi, baba yangu anafukuzwa chumbani mwake mwisho wa mwezi kwa ajili ya utani wenu. Utakuja kusema haya mbele ya hakimu, au nikubebe na kiti chako?"

Kisu kikasimama. Bi. Imogene akamtazama Rhonda kwa mara ya kwanza. "Nikisema, itajulikana kwamba babu yako aliapa uongo. Nawe mwakani unagombea."

"Itajulikana pia kwamba mumeo alimfukuza mfungwa aliyejileta."

"Basi tutaaibika sawasawa."

"Sawasawa naikubali," alisema Rhonda. "Babu haniwezi tena. Hapigi kura."

"Katika kaunti hii huwezi kuwa na hakika," alisema Bi. Imogene, akaomba aletewe kofia ya kanisani.

Hakimu Lockard alikuwa kijana aliyetoka mjini, mwenye nia njema, na hakuwa ameona tumbaku ila ndani ya sigara. Alimsikiliza Bi. Imogene hadi mwisho. Ukumbini palikuwa na watu wengi kuliko kawaida ya Jumanne, maana Mhatton ameonekana akishuka kwenye gari la Mwestep, na habari hiyo ilivuka mji kabla injini haijazimwa. Hakimu akamgeukia Arvil.

"Bwana Napier, kuna jambo silielewi. Uliambiwa urudi ukimaliza kazi. Ulipelekwa vuli, ukamaliza Januari. Mbona hukumaliza mapema? Mtu anaweza kudhani ulikuwa unajificha."

Ukumbi mzima ulimtazama hakimu kwa huruma. Arvil hakujua aanzie wapi kwa mtu mzima asiyejua jambo hilo. Aliyesimama alikuwa mwendesha mashtaka, Bwana Cornett, mtu ambaye alilipwa kumpinga Arvil.

"Mheshimiwa," alisema, "jani likiwa kavu halishikiki."

"Samahani?"

"Tumbaku, Mheshimiwa. Ukiichambua kavu inakuwa vumbi. Inabidi ungoje unyevu. Mwaka ule kila mtu alingoja. Baba yangu alimaliza Februari." Akakohoa, kama aliyekumbuka yuko upande gani, kisha akaamua kwamba hajali. "Jamhuri haiwezi kusema mtu huyu alichelewa. Na kuna hili jingine. Hukumu yake ilikuwa ya nusu mwaka, na banda la bwana jela ni kifungo kama kifungo kingine, kwa kuwa bwana jela ndiye aliyempeleka. Kifungo kilimwishia wiki ya Krismasi. Alipogonga mlango Januari hakuwa mfungwa wa mtu yeyote. Ralph Hatton alimwambia aende nyumbani kwa sababu mbaya, lakini kisheria alikuwa sahihi."

Hakimu akauliza kama kuna mwenye la kupinga. Hakuwapo. Akafuta shitaka la kutoroka, akaiondoa hati, akamwagiza karani aitoe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo na kumpa Bwana Napier karatasi yenye mhuri. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujifunza, akamuuliza Bwana Cornett unyevu huo unajulikanaje. Kesi iliyofuata ilingoja.

Waliila saladi nyuma ya gari la Rhonda, wote, pamoja na Dustin, ambaye aliomba aongezewe.

Bi. Coyle aliipokea karatasi, akaisoma kwa miwani ya kwanza, akairudia kwa ya pili.

"Vizuri sana, Bwana Napier. Malipo yatarudi, na kabla ya mwisho wa mwezi. Nitampigia meneja wako sasa hivi." Vidole vyake vikaendelea kugonga, kisha vikasimama. "Kuna swali moja ambalo lazima niulize. Mwezi huu umekuwa jela?"

"Ndiyo."

Bi. Coyle alishusha mikono. Twyla, aliyekuwa amemsindikiza, alifumba macho.

"Kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana."

"Jela gani?"

"Gari dogo la Bi. Estep. Tuliacha madirisha wazi."

Bi. Coyle alitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika kofia katika nyumba isiyo na misumari. "Kinachokata posho ni jela ya mwezi mzima," alisema mwishowe, akaendelea. Bibi aliyepima dirisha alipewa chumba kingine, upande wa kaskazini, ambako nyanya hazioti. Yeye na Arvil hawakuzungumza hadi Agosti.

Mei iliyofuata Arvil alikwenda makaburini kama kawaida, na kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake alikwenda bila kutafutwa na mtu. Alisema hakuona tofauti, ila kwamba sherifu alimpa mkono kwa haraka zaidi. Rhonda Estep alikuwa ameketi meza moja na Imogene Hatton, na watu waliwatazama hao kuliko walivyotazama maua. Uchaguzi ulikuwa unakuja Novemba. Arvil alimpakulia bibi kizee saladi, akaketi pembeni yake. Alikuwa na swali moja lililobaki.

"Mama, yale maharage ya mlangoni. Ulinipa kama mgeni, au kama mfungwa?"

Bi. Imogene alitafuna kwanza.

"Kama mgeni," alisema. "Lakini kaunti niliilipisha bakuli la mfungwa."

Rhonda aliacha uma hewani. "Kaunti ililipa sahani yake? Januari ile? Basi kaunti ilijua amerudi."

"Walilipa upesi tu," alisema Bi. Imogene. "Hawakuwahi kuuliza amekula nani. Arvil, hii saladi mwaka huu umeipunguza chumvi."

"Daktari," alisema Arvil, akamsogezea kichupa cha chumvi.